Ujuzi Nao Una Daftari Lake

Hotuba kwa vijana wanaotafuta ajira, iliyotolewa katika maadhimisho ya mandir yetu, Songea



Kila ifikapo Diwali, wafanyabiashara wengi miongoni mwetu hufunga hesabu za mwaka uliokwisha, hufungua vitabu vipya na kuviombea baraka katika ibada ya Chopda Pujan. Jirani asiyeizoea huenda akashangaa kuona daftari likitiwa alama nyekundu na kuwekewa maua. Wazee wetu walikuwa na sababu. Walijua kwamba kumbukumbu ya mtu huchakaa, bali kilichoandikwa siku ile ile kinabaki. Waswahili nao walilifupisha jambo hilo katika methali: mali bila daftari hupotea bila habari.

Tunalotaka kulisema leo ni hili: ujuzi nao ni mali, na kijana anayeanza kutafuta kazi anahitaji daftari lake.

Tumewasikia vijana wengi wakilalamika kwamba kila tangazo la kazi linadai uzoefu, na uzoefu hawana. Lakini tukiketi nao na kuwauliza wamefanya nini tangu walipomaliza shule, majibu huwa tofauti kabisa na wasifu walioandika. Huyu amemwandikia mama yake hesabu za biashara ya mahindi kwa misimu miwili. Yule amefunga umeme katika nyumba tatu za jamaa zake kule Lizaboni. Mwingine amefundisha masomo ya jioni watoto wa mtaa mzima. Hayo yote ni kazi, lakini hayakuandikwa popote, wala hakuna karatasi, picha au shahidi wa kuyasemea. Mwajiri anayesoma wasifu wenye majina ya shule na tarehe tupu atayajuaje?

Dawa yake ni kitu ambacho walimu wetu hukiita mkoba wa kazi. Wasifu humweleza mtu kwa maneno. Mkoba wa kazi hubeba ushahidi wa maneno hayo. Unaweza kuwa jalada la kawaida linalouzwa katika duka la vifaa vya shule, na nakala yake ikahifadhiwa katika barua pepe ili simu ikipotea kazi zisipotee nayo.

Mkoa wetu wa Ruvuma una mfano mkubwa wa mtu aliyesemewa na kazi zake. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa Tunduru mwaka 1932. Aliondoka kwenda kutafuta riziki katika mashamba ya mkonge ya Tanga, kisha akafika Dar es Salaam, akafanya kazi za nyumbani na vibarua vya namna namna. Mwishoni mwa miaka ya 1960 alianza kuchora wanyama na ndege kwa rangi za kung'aa, za aina ile ile inayopakwa baiskeli. Hakuwa na cheti cha chuo chochote cha sanaa. Alichokuwa nacho ni picha zenyewe, nazo ziliuzwa kando ya Morogoro Stores, Oysterbay, mahali walipopita watu wenye uwezo wa kununua. Alifariki mwaka 1972, na hadi leo mtindo ule unaitwa kwa jina lake. Husemwa kwamba chema chajiuza, nasi tunakubali. Ila hata chema hakijiuzi kikiwa kimefungiwa ndani. Kinapaswa kuwekwa mahali ambapo mnunuzi atakiona.

Sasa, vijana wetu, mkoba huo uwekwe nini?

Kwanza, vyeti na vitambulisho. Anayeomba kazi serikalini kupitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma hutakiwa kuambatisha cheti cha kuzaliwa, vyeti vya masomo, maelezo binafsi yanayojitosheleza na majina ya wadhamini watatu wa kuaminika. Nakala huthibitishwa na wakili. Kijana anayeanza kufuatilia cheti cha kuzaliwa RITA baada ya tangazo kutoka, huku siku za kutuma maombi zikihesabika, anajinyima nafasi mwenyewe. Andaeni mapema, na nakala halisi zibaki nyumbani mahali pakavu.

Pili, kazi zenyewe. Chagueni chache zilizo bora, tano zinatosha. Fundi cherehani apige picha ya gauni kwa mbele, kwa nyuma na mshono wa ndani, kwa sababu fundi mwenzake atautazama mshono. Fundi umeme apige picha ya ukuta kabla ya waya kufunikwa na baada ya kazi kukamilika. Mwalimu aliyehitimu aweke azimio la kazi na andalio la somo alilolitumia darasani, siyo alilonakili. Aliyesomea uhasibu aweke ukurasa wa hesabu alizozitunza, akiwa amefuta majina ya wateja na kupata idhini ya mwenye biashara. Siri ya duka la mtu si mapambo ya mkoba wako.

Chini ya kila kazi andikeni mistari mitano: kazi ilihitaji nini, sehemu yangu ilikuwa ipi, nilitumia vifaa gani, ilichukua siku ngapi, na matokeo yalikuwa nini. Yule aliyemwandikia mama yake hesabu za mahindi anaweza kuandika: nilipokea magunia, nikapima uzito, nikaandika bei ya kila mkulima, nikalinganisha fedha na daftari kila jioni. Mwenye ghala anayesoma maneno hayo anamwona mtu anayeweza kumkabidhi funguo. Na pale mlipofanya kazi mkiwa wengi, semeni mlikuwa wengi. Katika mji kama Songea watu wanajuana, na uongo wa ukurasa mmoja huangusha jalada zima.

Tatu, mashahidi. Wadhamini wasiwe wakubwa wa vyeo ambao hawajawahi kuwaona mkifanya kazi. Msimamizi wa mafunzo kwa vitendo, mwalimu wa chuo au mama aliyeshonewa sare za watoto wake ana neno lenye uzito kuliko kiongozi anayewajua kwa sura tu. Ombeni ruhusa kabla ya kuandika jina na namba yake ya simu.

Kwa mafundi waliojifunza gereji au kwenye vibaraza bila kupita darasani, iko njia nyingine ambayo wengi hawaitumii. Serikali, kupitia Ofisi ya Waziri Mkuu na VETA, imekuwa ikiendesha utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi wa mafunzo. Fundi hupimwa kwa kazi yake, na akifaulu hupewa cheti. Chuo cha VETA kipo hapa hapa Songea. Nendeni mkaulize, nanyi mkienda bebeni picha za kazi zenu.

Hapa tungependa kuwageukia wanachama wenzetu wenye maduka, gereji, mashine za kusaga na maghala, maana jambo hili haliwahusu vijana peke yao. Kijana wa jirani anaweza kukaa nyuma ya kaunta kwa miaka mitatu, akajua bei za bidhaa zote, akapokea mizigo usiku, akaaminiwa na sanduku la fedha. Kisha akaondoka mikono mitupu, bila hata karatasi moja inayosema alikuwapo. Miaka mitatu ya maisha yake inakuwa kana kwamba haikuwa. Kwa hakika hiyo ndiyo mali inayopotea bila habari, na inapotelea mikononi mwa watu wanaobariki madaftari.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi yake kwa maandishi anapoanza, na cheti cha utumishi ajira inapokoma. Hata pasingekuwa na sheria, heshima ingetutaka tufanye hivyo. Karatasi yenye jina, tarehe za kuanza na kumaliza, kazi aliyoifanya na sahihi ya mwenye duka haigharimu hata bei ya kilo moja ya sukari. Kwa yule anayeipokea, huenda ikawa ukurasa wa kwanza wa mkoba wake. Dini yetu hutufundisha kwamba kazi inayofanywa kwa moyo safi ni ibada; basi na tuiandike kazi ya mwenzetu kwa uaminifu ule ule tunaoandikia mauzo yetu.

Nanyi vijana, tahadhari moja. Ajira ya halali hainunuliwi. Anayetaka mtume fedha kwa simu ili jina lenu liingizwe katika orodha ni tapeli, hata akijitambulisha kwa cheo gani. Wala msimkabidhi mtu msiyemjua vyeti vyenu halisi.

Hatuwaahidi kwamba mkoba wa kazi utamaliza uhaba wa ajira. Nafasi ni chache, na wapo wenye mikoba mizuri ambao bado wanasubiri. Lakini nafasi inapotokea, iwe Songea, Mbinga au Mbamba Bay, mwenye ushahidi husikilizwa kabla ya mwenye maneno, na anayejiajiri humwonyesha mteja wake wa kwanza kitu cha kushika mkononi.

Basi kila kijana aliyepo hapa aanze na kazi moja aliyokwisha kuifanya, na kila mwajiri aliyepo hapa aanze na barua moja anayodaiwa. Diwali ijayo, tutakapofungua vitabu vipya, kuwe na madaftari mengi zaidi ya kubarikiwa.