Kisiwa Kilichobadilishwa Majina: Ufaransa tangu Ufalme hata Enzi ya Kaizari



Mashariki ya Bukini, katika bahari yetu hii ya Hindi, kipo kisiwa kidogo cha milima ya moto ambacho Wafaransa walikiita Bourbon kwa taadhima ya ukoo wa wafalme wao. Mwaka 1793, miezi miwili baada ya Mfalme Louis wa 16 kukatwa kichwa hadharani mjini Paris, wakakiita Réunion; na mwaka 1806, mtawala mpya alipokwisha kujivika taji, wakakiita Bonaparte. Nimekifanya kisiwa hiki mlango wa mhadhara wangu kwa kuwa mageuzi yote ya dola ya Ufaransa yamo katika majina yake, na kwa kuwa miongoni mwa waliolima mashamba yake walikuwamo watu waliovushwa kutoka pwani hii tuliyokaa.

Ufalme ule uliangushwa kwanza na deni. Vita vya kuwasaidia Wamarekani dhidi ya Uingereza vilikuwa vimekomba hazina, hata kufikia mwaka 1788 malipo ya deni yakawa yanakula karibu nusu ya matumizi ya serikali, ilhali makabaila na makasisi, wenye ardhi na jaha, walikuwa wamesamehewa sehemu kubwa ya kodi iliyomwelemea mkulima. Mvua ya mawe ya Julai mwaka ule ikaponda mavuno, mkate ukawa ghali, na mfalme, akiwa hana hila nyingine, akaliitisha huko Versailles, tarehe 5 Mei 1789, baraza la matabaka matatu ambalo halikupata kukutana tangu mwaka 1614. Yaliyofuata ni mashuhuri: ngome ya Bastille ilitekwa tarehe 14 Julai, na tarehe 26 Agosti likapitishwa Tamko la Haki, lililokiri kwamba uhuru na usawa ni haki ya binadamu tangu kuzaliwa kwake.

Basi na tuulize, binadamu yupi? Miaka 13 kabla ya Tamko hilo, tarehe 14 Septemba 1776, mfanyabiashara Mfaransa aitwaye Morice alifunga mkataba na Sultani wa Kilwa, wa kuuziwa watumwa 1,000 kila mwaka kwa reale 20 kila mmoja, ili wapelekwe visiwa vya Wafaransa, Île de France, ambayo leo ni Mauritius, na Bourbon. Sisemi haya kwa kuwalaumu wageni peke yao, maana mkono uliopokea reale ulikuwa wa kwetu, na msomi wa pwani asiyelikiri hilo hajaanza kusoma tarikhi yake.

Watumwa wa Saint-Domingue, koloni la Wafaransa katika bahari ya Karibi, hawakungoja kufasiriwa Tamko. Waliasi mwezi wa Agosti 1791, wakapigana kwa ushujaa hata bunge la Paris likaufuta utumwa katika makoloni yote tarehe 4 Februari 1794. Ilikuwa katika siku zile zile za hofu ambapo Robespierre na wenziwe, viongozi wa Mapinduzi, walikuwa wakiwapeleka watu kuchinjwa kwa shutuma hafifu. Nami naziona damu zile kuwa dhuluma isiyo na udhuru, lakini sheria ile naiona kuwa amali bora kupita zote za Mapinduzi. Wajumbe wawili, Baco na Burnel, waliofika Île de France mwaka 1796 wakiwa na amri ya kuitekeleza, walifukuzwa kisiwani na wenye mashamba baada ya siku chache tu, na huko Bourbon, ambayo sasa iliitwa Réunion, pia amri hiyo haikutekelezwa kamwe. Jina la jamhuri lilipokewa. Mtumwa akabaki mtumwa.

Jenerali Bonaparte, aliyetwaa madaraka kwa nguvu tarehe 9 Novemba 1799, akaja kuihalalisha hali hiyo kwa sheria ya tarehe 20 Mei 1802. Alipeleka jeshi kubwa Saint-Domingue, akamkamata kwa hadaa kiongozi wa watu weusi huko, Toussaint Louverture, aliyekufa kifungoni katika milima yenye baridi ya Ufaransa mwezi wa Aprili 1803. Lakini jeshi lile likashindwa, na tarehe 1 Januari 1804 koloni lile, kwa jina jipya la Haiti, likatangaza uhuru wake. Mwaka huo huo, tarehe 2 Desemba, katika kanisa la Notre-Dame na mbele ya Papa Pius wa 7, Bonaparte alijivika taji kwa mikono yake mwenyewe. Kwa maoni yangu, warithi wa kweli wa Tamko la 1789 mwaka ule walikuwa Haiti, wala hawakuwa Paris.

Waingereza wakakiteka kisiwa chetu mwaka 1810, na jina la Bourbon likarejea. Baadaye kikarudi mikononi mwa Ufaransa, na ufalme uliokuwa umerejeshwa huko ulipoanguka tena mwaka 1848, kikaitwa Réunion kwa mara ya pili. Na safari hii, tarehe 20 Desemba, zaidi ya watu 60,000 waliokuwa watumwa kisiwani wakatangaziwa uhuru wao.