SHILINGI MBILI ZENYE JINA MOJA
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa visiwani wakaao Arusha)

 

Nimetakiwa kusema juu ya jambo ambalo kila mwenye duka katika mji huu huliuliza kabla hajafungua mlango: shilingi moja ya Kenya ni ngapi za Tanzania? Jibu la miaka hii ni karibu 20. Lakini jibu hilo bila ya tarikhi yake ni kama mizani isiyo na mawe.

Sisi watu wa visiwani tulionja mapema maana ya kupangiwa thamani na watu wa mbali. Mwaka 1920 huko Kenya na Uganda rupia ilifungwa kwa shilingi mbili za Kiingereza. Unguja na Pemba ziliendelea na rupia yao iliyofuata ile ya Bara Hindi hadi mwaka 1936, na ilipoondolewa, kila rupia ilipewa shilingi moja na nusu. Jina lilikuwa moja, bei zikawa mbili. Wala hakuna mkulima wa karafuu aliyeulizwa rai yake. Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki iliyoundwa mwaka 1919 ilikuwa na makao yake London.

Baada ya uhuru, mwezi wa Juni 1965, ilitangazwa kuwa Tanzania, Kenya na Uganda zitakuwa kila moja na benki kuu yake. Mwezi huo huo mambo ya sarafu na mabenki yaliingizwa katika orodha ya mambo ya Muungano. Benki Kuu ya Tanzania ilifunguliwa Juni 1966, na gavana wake wa kwanza alikuwa Bwana Edwin Mtei. Shilingi zote tatu zilianza sawasawa, moja kwa moja. Na Waingereza waliposhusha pauni yao Novemba 1967, serikali zetu tatu zilikataa kuwafuata. Pauni iliyokuwa shilingi 20 ikawa shilingi 17 na senti 14. Siku zile tulikuwa na fahari, na fahari ile ilikuwa na haki yake.

Ni kitu gani basi kilichovunja usawa ule? Jumuiya ilivunjika mwaka 1977, na mpaka ukafungwa tangu Februari ya mwaka huo hadi Novemba 1983. Vikaja vita vya Uganda vya mwaka 1978 na 1979, na mafuta ya petroli yakapanda. Fedha za karatasi zikawa nyingi, sabuni na nguo zikawa adimu. Ajabu ni kwamba mwaka 1982, kwa bei ya serikali, dola moja ilikuwa chini ya shilingi 10 za Tanzania na zaidi ya shilingi 10 za Kenya. Yaani kwenye daftari shilingi yetu ndiyo iliyokuwa ghali! Lakini bei ya daftari haikununua kipande cha sabuni. Njia za magendo kuelekea Namanga zilikuwa na bei yake nyingine, na mnyonge ndiye aliyeilipa.

Kisha daftari likalazimika kufuata soko. Juni 1984 dola ikawa shilingi 17 za Tanzania. Katikati ya mwaka 1986 ikawa 40. Mwaka 1990 shilingi ya Kenya ilikuwa baina ya 8 na 9 zetu. Mwaka 2000 ilizidi kidogo 10. Mwaka 2010 ikakaribia 18.

Ndugu zangu, wako wanaoitaja hiyo 20 kwa kutucheka. Hao nawajibu kwamba yeni moja ya Japani inakaribia shilingi moja ya Kenya, wala hakuna awaitaye Wajapani mafukara. Ukubwa wa hesabu si aibu. Kinachoumiza ni hesabu kugeuka baina ya siku ya kukopa na siku ya kulipa. Mwanzoni mwa mwaka 2024 shilingi ya Kenya ilikuwa karibu 16. Ilipofika Machi ilikaribia 19 na nusu. Aliyechukua mali ya shilingi 10,000 za Kenya kwa mkopo alidhani anadaiwa 160,000; akajikuta anadaiwa 195,000. Hakuibiwa na mtu, na mtaji wake umepungua. Basi andikianeni deni kwa kutaja ni fedha ya nchi gani, na hasara ikitokea ataibeba nani. Tuliosoma chuoni tulifundishwa kuandika deni kabla ya kufundishwa biashara.

Jambo la pili ni la siasa. Novemba 2018 maduka ya kubadilishia fedha ya mji huu yalikaguliwa kwa ghafla, askari wakiwepo, na mengi yakafungwa. Kukamata wavunja sheria ni kazi ya serikali, hatubishi. Lakini mchuuzi mdogo asiye na hesabu ya benki abadilishe wapi? Mlango halali ukiwa mwembamba, dirisha la magendo hupanuka. Hilo tuliliona kabla ya 1983.

La mwisho: mwaka 2013 wakuu wa Afrika Mashariki walitia sahihi mkataba wa sarafu moja. Ilitakiwa iwe tayari mwaka 2024. Sasa inatajwa 2031. Makao ya Jumuiya yapo papa hapa, chini ya Mlima Meru. Mimi siipingi sarafu moja, kwani ingemwondolea mwenye duka hofu ya Machi 2024. Lakini chama chetu na kiulize mapema, tena kwa maandishi: shilingi zetu zitabadilishwa kwa kiasi gani? Nani atakipanga? Na visiwa vitakuwa na kiti katika meza hiyo, au vitaletewa habari baada ya shughuli kwisha, kama mwaka 1936?

Asiyeuliza bei kabla ya kupima, hana haki ya kulalamika baada ya kulipa.

Wabillahi tawfiq.