USULUHISHI: NADHARIA NA VITENDO
(Maelezo yaliyotolewa mbele ya watumishi wa Serikali na masheha)



Hakimu husikiliza, akapima ushahidi, kisha akahukumu. Aliyeridhika na asiyeridhika wote hufungwa na hukumu hiyo. Msuluhishi hana uwezo huo. Mtaji wake ni kuaminiwa na pande zote mbili, na siku upande mmoja ukimwona ameegemea, kazi yake imekwisha. Qur'ani Tukufu, katika Suratin Nisaa aya ya 35, inapohofiwa mfarakano wa mke na mume, imeagiza mwamuzi mmoja atoke kwa jamaa wa mume na mwingine kwa jamaa wa mke. Kila upande uwe na wake wa kumwamini.

Nadharia hiyo ni nyepesi kuitamka. Utekelezaji wake Visiwani ulichukua miaka 15.

Katika uchaguzi wa Oktoba 1995 wagombea wawili wa Urais wa Zanzibar walipishana kwa chini ya asilimia moja. Chama cha CUF kilikataa matokeo, na Wawakilishi wake wakasusia Baraza. Jumuiya ya Madola, Katibu Mkuu wake akiwa Chifu Emeka Anyaoku, ilimtuma Dk. Moses Anafu kuchukua maneno ya upande huu na kuyafikisha upande wa pili. Muafaka ukatiwa saini tarehe 9 Juni 1999. Saini zilipatikana, utekelezaji ukakosekana. Uchaguzi wa 2000 ulivurugika, na Januari 2001 damu ilimwagika. Wapo waliovuka bahari hadi Shimoni, Kenya.

Muafaka wa pili, wa tarehe 10 Oktoba 2001, CCM na CUF walijadiliana wenyewe bila ya mgeni, na safari hii ikawekwa tume ya pamoja ya kusimamia utekelezaji. Nayo haikutosha. Mlango ulifunguka tarehe 5 Novemba 2009, Rais Amani Abeid Karume na Maalim Seif Sharif Hamad walipokutana Ikulu, ana kwa ana. Wananchi wakaulizwa kwa kura ya maoni tarehe 31 Julai 2010, na asilimia 66.4 wakaridhia Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Hata hivyo, kuingizwa kwake katika Katiba hakukuzuia ushirikiano kukatika baada ya uchaguzi wa 2015 kufutwa, hadi uliporejea Disemba 2020.

Sheha anayepelekewa ugomvi wa mpaka wa kiwanja au wa mikarafuu, basi, asiridhike kwa kuona watu wamepeana mikono. Iandikwe nani atafanya nini na kwa tarehe ipi, kila upande upewe nakala, na itajwe siku ya kurudi kukagua.