Yakobo na Vibanda vya Sukothi
Neno: Mwanzo 33:12-17



Katika Neno letu Yakobo yuko njiani na jamaa yake yote, hana nyumba. Esau anataka waongozane. Yakobo anakataa kwa heshima: watoto ni wadogo, na kundini kuna wanyama wanaonyonyesha, wakikimbizwa hata siku moja, watakufa. Anakwenda polepole. Akifika pa kutulia, anajenga nyumba yake, na mifugo anaijengea vibanda. Pakaitwa Sukothi, maana yake vibanda. Angalieni: mahali pale hapakupewa jina kwa ajili ya nyumba ya Yakobo, bali kwa vibanda vya mifugo.

Sisi watu wa bonde la Ruzizi tunalielewa Neno hili bila mtafsiri. Aprili 2020, mto Mulongwe ulipofurika Uvira, watu wengi walipoteza nyumba kwa muda mfupi. Februari 2025, vita viliposhuka toka Bukavu hadi Kamanyola, njia ilijaa watu. Maelfu walivuka Ruzizi kwenda Burundi. Mama ana mtoto mgongoni, mzigo kichwani, na kamba ya mbuzi mkononi.

Tunasikia manung'uniko: "Watu wana njaa, na kanisa linatafutia mbuzi chakula?" Tujibu kwa upole. Mbuzi yule ndiye benki ya mama yule. Ndiye dawa mtoto akishikwa na malaria, ndiye minervali ya kijana wa sekondari. Akifa, familia itarudi kwao mikono mitupu. Kumlisha mbuzi leo ni kumwekea mwenye mbuzi chakula cha kesho. Na Mungu mwenyewe, katika Yona 4:11, akihesabu Ninawi watu zaidi ya 120,000, hakusahau wanyama wao. Mithali 12:10 inasema mwenye haki hujulikana hata kwa namna anavyomtunza mnyama wake.

Mtoto aliyekimbia na mbwa wake, tusimcheke. Ameacha nyumba, shule na rafiki. Mbwa ndiye aliyebaki. Nathani alimwambia Daudi habari za maskini na mwana-kondoo wake mmoja, aliyekula chakula chake na kulala kifuani pake. Tajiri akamchukua, na Daudi akawaka hasira.

Wapendwa, hasira ile ingetuangukia wengine wetu. Kuna wanaosimama kando ya barabara na kumnunua mbuzi wa mkimbizi kwa bei ya kuku, kwa sababu mwenyewe hajala tangu jana. Halafu Jumapili tunaleta fungu la kumi. Hiyo si biashara. Ni kumnyang'anya maskini mwana-kondoo wake. Na mnyama aliyepotea njiani, Kumbukumbu la Torati 22 inatuamuru tumtunze mpaka mwenyewe atakapomtafuta. Hatusemi ni baraka iliyotuangukia.

Basi tufanye kwa utaratibu. Kwanza watu wale: unga, maharagi, chumvi na mafuta ya mawese, tukianza na wajawazito, wazee na watoto. Unga wa watu hautapewa mbuzi. Kwa mifugo tulete kile tunachotupa: pumba za mchele, majani ya viazi, mabua ya mahindi. Maganda ya muhogo mchungu tuyakaushe vizuri juani kwanza, maana mabichi yana sumu. Kuku wapewe chenga, na mbwa makombo yetu.

Nanyi mliopokelewa, fungeni mbuzi kamba. Shamba la mwenyeji likiliwa, upendo unageuka ugomvi, na kesho mlango utafungwa. Mwenyeji naye aonyeshe mahali pa kufungia, kabla hajalalamika.

Jumapili hii kila nyumba ilete vitu viwili: kipimo kimoja cha chakula cha watu, na kifurushi cha chakula cha mifugo. Wamama wa kanisa watapokea cha kwanza, vijana watapokea cha pili nyuma ya kanisa. Asiye na unga hakosi majani.

Tuombe. Baba, uliyemwongoza Yakobo polepole kwa ajili ya wadogo, utufundishe kutembea kwa mwendo wa aliyechoka. Linda walio njiani na vyote vilivyobaki mikononi mwao. Katika jina la Yesu, amina.