Mafuta Yamepanda: Je, Tuuze Ng'ombe Tununue Bajaji ya Umeme?

  Leo sitasema habari za mbegu wala za mbolea. Nitasema habari za mafuta ya gari na habari za umeme.

Huenda ukauliza, "Mimi nina jembe na panga, habari za mafuta ya gari zinanihusu nini?" Zinakuhusu sana. Gunia lako halitembei kwa miguu. Linatoka shambani kwa pikipiki au kwa trekta, linapanda lori, linafika Dar es Salaam, kisha linabebwa tena kwa guta au kwa bajaji mpaka kwa mnunuzi. Kila hatua hapo inakula mafuta, na mafuta hayo unayalipa wewe, hata kama hujawahi kushika usukani.

Sasa basi, tuseme jioni moja umepata ujumbe kwenye simu. Kijana wako yuko mjini, anaendesha bajaji ya watu kati ya Kariakoo na Mchafukoge. Anasema: "Shikamoo baba. Mafuta yamepanda, hesabu ya tajiri haishuki, jioni nabaki na nauli tu. Kuna bajaji za umeme sasa, haziweki petroli hata tone. Baba, uza ng'ombe wawili na yale mahindi, tununue moja."

Utamjibu nini? Usimkatalie kwa hasira, wala usikimbilie mnadani. Kaa chini, chukua kalamu, tupige hesabu pamoja.

Kwanza tujue kwa nini mafuta yanapanda. Nchi yetu hununua petroli na dizeli kutoka nje, kwa fedha za kigeni. Kukiwa na vita au mgogoro mbali huko, bei inapanda hapa. Wazee wanakumbuka mwaka 1973, pipa la mafuta lilipotoka kama dola 3 mpaka kama dola 12 katika muda wa miezi michache. Mwaka 1979 likapanda tena. Mwaka 2022, baada ya vita kuanza Ukraine, lita ya petroli ikapita shilingi 3,000 Dar es Salaam, na serikali ikalazimika kutoa ruzuku. Kwa hiyo jambo hili si geni, na wala halitakuwa la mwisho.

Umeme ni habari nyingine. Umeme wetu mwingi unatokana na vitu vya hapa hapa. Gesi asilia ya Songo Songo, kule Kilwa, imekuwa ikifika Dar es Salaam kwa bomba tangu mwaka 2004. Maji ya mto Rufiji nayo yanazungusha mitambo 9 ya bwawa la Julius Nyerere, ambayo kwa jumla ina uwezo wa megawati 2,115. Mtambo wa kwanza ulianza kazi mwaka 2024. Mwaka huo huo treni ya umeme ikaanza kubeba abiria kutoka Dar es Salaam kwenda Morogoro na Dodoma. Vita vya mbali havipandishi maji ya Rufiji bei. Hiyo ndiyo faida ya kwanza ya umeme.

Faida ya pili ni injini yenyewe. Injini ya petroli hupoteza sehemu kubwa ya nguvu ya mafuta kwa joto na moshi. Inayofika kwenye magurudumu ni kama robo tu. Mota ya umeme hupoteza kidogo sana. Tena haina oili ya kubadilisha, haina plagi, haina kabureta.

Haya, sasa hesabu. Nitatumia bei za mfano ili hesabu iwe nyepesi. Wewe weka bei za siku yako.

Bajaji ya petroli mjini, kwa foleni zile za Msimbazi na Lumumba, tuseme inakwenda kilomita 25 kwa lita. Kijana akizunguka kilomita 100 kwa siku, anatumia lita 4. Lita ikiwa shilingi 3,000, hiyo ni shilingi 12,000 kila siku.

Bajaji ya umeme kwa kilomita hizo 100, pamoja na umeme unaopotea wakati wa kuchaji, tuseme inatumia uniti 10. Uniti moja tuiweke shilingi 360 pamoja na kodi. Hiyo ni shilingi 3,600. Toa katika zile 12,000, inabaki shilingi 8,400 kwa siku.

Ukiishia hapo, utasema kijana ana akili, ng'ombe wauzwe kesho. Lakini ngoja kidogo. Muuzaji wa bajaji naye huishia hapo hapo. Kuna kitu hajakitaja, nacho ni betri.

Betri ni kama ng'ombe wa maziwa. Inakupa kila siku, lakini inazeeka, na siku moja itakoma. Zile za zamani, nzito, za risasi na asidi, ni rahisi kununua lakini mara nyingi hazimalizi miaka miwili kwa kazi ya kila siku. Zile za lithiamu ni ghali, lakini hudumu zaidi. Tuseme betri ni shilingi 3,000,000 na itafanya kazi siku 900, yaani miaka mitatu ya siku 300. Gawanya: kila siku betri inakula shilingi 3,333. Basi katika zile 8,400 za akiba, zinabaki kama shilingi 5,000. Bado ni faida nzuri.

Sasa tubadili jambo moja tu. Tuseme kijana hana wateja wengi, anazunguka kilomita 30 kwa siku. Petroli angetumia shilingi 3,600, umeme angetumia shilingi 1,080. Akiba ni 2,520. Betri kwa kazi ndogo itadumu zaidi, tuseme siku 1,500, lakini bado inakula shilingi 2,000 kwa siku. Kinachobaki ni shilingi 520.

Na kama bajaji ya umeme inauzwa shilingi 2,000,000 zaidi ya ile ya petroli, basi yule wa kilomita 100 atairudisha tofauti hiyo kwa siku 400. Yule wa kilomita 30 atahitaji zaidi ya miaka 12! Ng'ombe wako wangekuwa wamezaa na kujukuu.

Mmeona, ndugu wakulima? Bajaji ni ile ile, umeme ni ule ule, lakini mmoja amepata na mwingine amekosa. Umeme humlipa yule anayetembea sana kila siku katika eneo dogo. Anayetembea kidogo haumlipi.

Kwa hiyo, kabla hujamjibu kijana, muulize maswali haya, na umwambie akujibu kwa namba, si kwa maneno matupu.

La kwanza: unazunguka kilomita ngapi kwa siku? Aandike kwa siku 14 mfululizo, siku njema na siku mbaya.

La pili: bajaji hiyo, ikiwa na abiria au mzigo, inakwenda kilomita ngapi kabla ya kuchajiwa? Asiamini karatasi ya dukani. Apande, aijaribu.

La tatu: utachajia wapi? Kama amepanga chumba kimoja uswahilini, na LUKU ni moja kwa wapangaji sita, hapo ugomvi upo. Bajaji ya uniti 10 kwa siku itakula uniti 250 kwa mwezi wa siku 25. Bei ile nafuu ya nyumba za matumizi madogo imewekwa kwa wasiozidi uniti 75 kwa mwezi. Akichaji hapo, nyumba nzima itajikuta inalipa bei ya juu. Basi akubaliane na mwenye nyumba mapema, au awe na mita yake.

La nne: umeme ukikatika utafanyaje? Tunakumbuka mgao wa mwishoni mwa mwaka 2023 na mwanzoni mwa 2024. Anayetegemea bajaji kwa mkate wa kila siku lazima ajue mahali pengine pa kuchajia, au mahali pa kubadilishana betri.

La tano: nani ataitengeneza? Fundi wa petroli yuko kila kona ya Kariakoo. Fundi wa mota na betri ni wachache. Na Jangwani kukijaa maji wakati wa masika, asipite kwenye maji marefu, maana umeme na maji si marafiki.

La sita: dhamana ya betri imeandikwa? Miaka mingapi, na nani ataitimiza? Na leseni ya LATRA inamruhusu kufanya kazi katika njia zipi?

La saba ndilo kubwa: chombo ni cha nani? Kama ni cha tajiri, na tajiri akipandisha hesabu ya siku kwa sababu "hutii mafuta", basi akiba yote inaingia mfukoni mwa tajiri. Kama ni cha mkataba, ajumlishe malipo yote mpaka siku ya mwisho, ndipo aseme bei.

Kijana akijibu yote saba vizuri, mzee, usiwe mgumu. Hiyo ni kazi halali, na faida yake ni ya kweli. Lakini uza kile ambacho shamba linaweza kukosa. Usiuze dume la kulimia wala mbegu za msimu ujao.

Hayo ni ya kijana. Sasa tuje kwenye lako wewe, yaani gunia.

Wengine watasema, "Basi nasi tungojee malori ya umeme, nauli itashuka." Ndugu yangu, usingoje. Lori la kubeba tani 10 kutoka shamba la mbali linahitaji betri kubwa na nzito mno, na mahali pa kuchajia njiani. Gunia lako la msimu huu litasafiri kwa dizeli. Lakini hapo napo kalamu inaweza kukuokolea fedha.

Tuseme Fuso linatoka Morogoro kwenda Dar es Salaam na kurudi tupu. Kwa kwenda, kurudi na mizunguko ya mjini, iwe kilomita 400. Likienda kilomita 4 kwa lita, linatumia lita 100. Kwa shilingi 3,000 kwa lita, ni shilingi 300,000. Likibeba magunia 100, mafuta ni shilingi 3,000 kwa gunia. Likibeba magunia 60, mafuta ni shilingi 5,000 kwa gunia. Kumbe lori lisilojaa linakuibia shilingi 2,000 kwa kila gunia, na dizeli wala haijapanda!

Sasa dizeli ipande shilingi 300 kwa lita. Lita 100 mara 300 ni shilingi 30,000. Gawanya kwa magunia 100: ni shilingi 300 kwa gunia. Basi mwenye lori akija akasema, "Mafuta yamepanda, ongeza 1,500 kwa gunia," mwonyeshe hesabu yako. Mpe haki yake, maana matairi na vipuri navyo hupanda. Lakini asikubebeshe 1,500 kwa jina la 300.

Tena usitegemee maneno ya stendi. EWURA hutangaza bei kikomo za mafuta kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, kwa kila mahali nchini. Mkiwa kikundi, mteueni mmoja azisikilize na kuziandika katika daftari la kikundi. Mwezi bei inaposhuka, fungueni daftari hilo hilo mbele ya mwenye lori. Nauli hupanda kwa ngazi na kushuka kwa kuburutwa, na wa kuiburuta ni nyinyi.

Halafu jazeni lori pamoja. Wakulima watano wenye magunia 20 kila mmoja wanalijaza. Chagueni mazao huku huku shambani. Nyanya iliyooza mkiisafirisha mpaka Ilala, mmelipia nauli ya takataka. Na mkifika mjini, pale pa kutoka sokoni kwenda kwa mnunuzi, safari ni fupi na ni nyingi. Hapo ndipo guta la umeme au bajaji ya umeme inafaa. Huenda ikawa ile ya kijana wako.

Kwa hiyo, nikifupisha: mjibu kijana hivi. "Marahaba mwanangu. Nimesikia. Andika kilomita zako za siku 14, unitumie. Namba zikikubali, tutauza ng'ombe mmoja, mwingine utamnunua wewe kwa akiba yako."

Na wewe mwenyewe, kabla lori halijafika kijijini, pigeni hesabu ya gunia. Mafuta yakipanda, asiyejua hesabu hulipa mara mbili.