Daftari la Mvumbuzi



Fundi wa magari katika kambi ya Kanombe aweza, akiwa zamu ya usiku, kubuni njia ya kuzuia vumbi lisiingie katika injini ya lori. Muuguzi wa hospitali ya kijeshi iliyo papo hapo Kanombe aweza kubuni machela nyepesi kuliko zilizopo. Asubuhi, kwa furaha, kila mmoja huwasimulia wenzake. Hapo ndipo hasara ianzapo.

Sheria ya hataza, yaani hati ya kumiliki uvumbuzi, hudai jambo liwe jipya. Lililokwisha kutangazwa hadharani laweza kuhesabiwa kuwa si jipya tena, hata kama aliyelitangaza ni mwenyewe. Tena, kwa kawaida, hutazamwa nani alitangulia kuomba, si nani alitangulia kuwaza.

Kwa hiyo mvumbuzi huweka daftari lililoshonwa, lenye kurasa za namba zisizochanwa, na ndani yake mchoro, tarehe, sahihi yake na ya shahidi aliyeahidi kwa maandishi kunyamaza. Polisi hawahitaji kufundishwa hili. Kitabu cha matukio cha kituo huandikwa vivyo hivyo. Lakini daftari ni ushahidi tu. Haki yenyewe huombwa kwa Msajili Mkuu katika Bodi ya Maendeleo ya Rwanda, mjini Kigali. Na tangu Rwanda ilipojiunga mwaka 2011 na ARIPO, shirika la Kiafrika la miliki bunifu lenye makao yake Harare, ombi moja laweza kutaja nchi kadhaa. Ulinzi huo waweza kudumu miaka 20, na bei yake ni siri yenyewe, maana maelezo hutangazwa. Asiyetaka kuyatoa hufunga mdomo. Akitokea mwingine akagundua kwa akili zake, hana la kudai.

Kwa askari liko swali jingine. Kilichobuniwa kazini, kwa vifaa vya serikali, katika nchi nyingi huwa mali ya mwajiri. Basi wa kuambiwa kwanza ni mkuu wake. Wakuu nao hupitiwa. Mwaka 1934 Leo Szilard, mwanafizikia mzaliwa wa Hungaria, aliomba hataza nchini Uingereza juu ya kupata nguvu za atomu kwa mfululizo wa nyutroni, kisha akataka ifichwe. Wizara ya Vita ikajibu kwamba haioni sababu ya kuificha. Mwaka 1936 ni Wizara ya Jeshi la Majini iliyoipokea na kuifungia. Haikuchapishwa hadi mwaka 1949, miaka 4 baada ya Hiroshima.