Uvuvi wa Mshipi kwa Mtu wa Mshahara

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa, siku ya mkutano wetu wa mwaka)



Katibu wetu aliponiandikia barua alinitaka nizungumze juu ya kuwinda na kuvua, kama burudani ya mtu asiye na fedha nyingi. Nadhani alinichagua kwa sababu mbili. Kwanza, mimi ni mtumishi wa serikali, kwa hiyo sifa ya kutokuwa na fedha nyingi ninayo bila kuulizwa vyeti. Pili, amepata kula samaki wangu. Nitajitahidi nisiwachoshe.

Habari ya kuwinda nitaimaliza upesi. Najua humu ndani wamo watu waliokuwa mabingwa wa manati, na njiwa wa nyuma ya jiko la shule waliwafahamu kwa majina. Lakini wanyama wa porini ni mali ya umma. Serikali yetu ilisimamisha uwindaji mwaka 1973, ikaufungua tena mwaka 1978. Jirani zetu wa Kenya waliupiga marufuku mwaka 1977 na mpaka leo hawajaurudisha. Sheria inayotutawala sisi ni ile ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, nayo haina mchezo. Huwindi bila leseni, na ukikutwa na nyama ya porini isiyokuwa na karatasi, nyama hiyo inaitwa nyara ya serikali, na utaieleza mahakamani. Kuwinda kwa halali kunataka leseni, bunduki yenye kibali, na gari la kukufikisha huko. Mwenye navyo vyote hivyo aende kwa amani. Mimi mshahara wangu unaishia kwenye ada za watoto na mabati, basi nimeelekea baharini.

Bahari ninayoisema ni hii yetu ya Tanga. Tangu niliporudi kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nimehamishwa mara tatu, na mara zote tatu nimeomba kurudi huku, wakubwa wangu wakidhani nina shamba la siri. Shamba langu ni mshipi.

Jambo lililotukusanya sisi wachache wa darasa letu lilikuwa msiba. Mwaka 2014 tulimzika mwenzetu. Tulipokuwa tumekaa kwenye mkeka baada ya maziko, mmoja akasema kwamba hii ni mara ya nne tunaonana tangu tumalize shule, na mara zote nne ni makaburini. Hakuna aliyemjibu. Tulikuwa watu sita pale: wawili watumishi wa serikali, mwalimu, fundi seremala, dereva wa lori, na mfanyabiashara mmoja ambaye Mungu amemjalia. Kabla hatujaagana tulipatana kwamba kila baada ya miezi miwili tutakwenda kuvua, tena kila mtu aje na mtoto mmoja ikiwezekana. Hatukuchagua uvuvi kwa kuwa sisi ni wavuvi. Tuliuchagua kwa sababu hakuna kati yetu aliyeweza kusema hana nauli ya kufika pwani.

Sasa vijana, sikilizeni habari za zana, maana hapa ndipo watu wanapopoteza fedha bure. Mwenye duka atakuonyesha fimbo ya kuvulia inayong'aa na gurudumu lake, na moyo utakudunda. Mwache. Mvuvi wa mshipi anahitaji uzi wa nailoni, ndoana, chubwi na chambo. Uzi wako uzungushe kwenye chupa tupu ya plastiki au kipande cha ubao. Ndoana zinunue chache za namba mbalimbali, ukikumbuka kwamba namba ikizidi kuwa kubwa ndoana inazidi kuwa ndogo. Hili huwapotosha wengi dukani. Ama chubwi, usinunue hata moja. Pita gereji yoyote uombe plagi kuukuu za magari. Watakupa mfuko mzima, na watakushukuru kwa kuwaondolea taka. Kisha funga plagi hiyo kwa uzi dhaifu kuliko mshipi wenyewe. Ikinasa kwenye mwamba, uzi dhaifu ndio utakaokatika, ukapoteza plagi ukabaki na ndoana na samaki wako. Ujanja huo alitufundisha nahodha wetu, mzee ambaye hakuwahi kukaa kwenye dawati, na nina hakika umetuokolea fedha nyingi kuliko somo lolote la hesabu.

Chambo chetu ni ngisi, au kamba wadogo, au kibua aliyekatwa vipande. Ngisi ndiye bora kwa sababu nyama yake ni ngumu na haitoki upesi kwenye ndoana. Maana chini kule yuko mwizi anaitwa kikande, mwenye mdomo mdogo na meno makali, anayedokoa chambo mpaka ukiuvuta mshipi unakuta ndoana imesuguliwa kama kijiko. Changu yeye hadokoi, huvuta. Ukishautumbukiza mshipi ngoja chubwi iguse chini, halafu upandishe shibiri mbili na uulaze uzi juu ya kidole cha shahada. Kidole hicho ndicho kitakachokwambia ni nani aliyebisha hodi. Binti yangu alijua tofauti ya kikande na changu akiwa na miaka minane, kabla hajajua jedwali la saba.

Tena ijueni kalenda ya maji. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu huleta bamvua, maji yanajaa sana na kukauka sana. Katikati yake ni maji mafu, ambapo mkondo hauna nguvu. Sisi wa mshipi tunapenda maji mafu kwa sababu chubwi hutulia chini. Lakini siku za bamvua msizidharau, hasa mkiwa na familia. Katika pwani hii bamvua hukauka mnamo saa nne asubuhi, miamba ikabaki wazi, na watu wazima na watoto wanaweza kutembea kwa miguu mahali ambapo jioni patapita mashua. Siku hizo mama watoto ndiye nahodha. Yeye ni mtu wa Pangani, na macho yake huona shimo la pweza mahali ambapo mimi naona jiwe tu. Shemeji zangu wote huja, na mama mkwe hukaa chini ya mkungu akitoa amri. Gharama yake ni viatu vikuukuu vya kuzuia miiba ya urumba, na nguo za kubadili. Ila pweza asiyefika nusu kilo anarudi shimoni kwake, ndivyo kanuni zisemavyo, na mama mkwe anaijua kanuni hiyo kuliko mimi niliye serikalini.

Safari yetu ya mwisho niliandika hesabu, kwa mazoea ya ofisini. Mashua na nahodha wake shilingi 50,000, chambo 10,000, barafu 4,000, maji ya kunywa 8,000, unga, ndimu, chumvi, pilipili na mkaa 12,000. Jumla 84,000, ambayo kwa watu sita ni 14,000 kila mmoja, watoto bure. Vibali tunavilipia kando. Kabla ya kushika mshipi mara ya kwanza nendeni kwa afisa uvuvi wa halmashauri, mwulizeni kinachotakiwa na mahali palipozuiwa, kwa sababu sehemu kubwa ya maji haya tangu mwaka 2009 imo katika Hifadhi ya Bahari ya Silikanti. Silikanti ni yule samaki ambaye wataalamu waliamini ametoweka tangu zama za dinosaria, mpaka alipovuliwa mmoja Afrika Kusini mwaka 1938. Kuanzia mwaka 2003 wavuvi wa Tanzania nao wakaanza kumnasa, wengi wao huku Tanga, katika majarife yanayotegwa kwenye kina kirefu. Watoto huniuliza kila safari kama leo tutampata. Nawajibu kwamba mshipi wetu haufiki nyumbani kwake, na hata ungefika, hatuna ruhusa ya kumbughudhi.

Sasa nije kwenye jambo ambalo limeniwia zito kidogo. Mwaka wa tatu wa safari zetu, yule mwenzetu mfanyabiashara alipata fikira njema. Akasema mashua ya tanga inachelewa, na jua linawaumiza watoto. Yeye atatafuta boti ya mashine yenye paa, fimbo za kisasa, na vinywaji baridi, na kila mtu atachangia kiasi fulani tu, kinachobaki atalipa yeye. Safari ya kwanza ilikuwa tamu sana, sitaki kusema uongo. Tulifika mwambani kabla jua halijapanda. Safari ya pili fundi seremala akatuma ujumbe kwamba ana kazi ya haraka. Safari ya tatu dereva naye akawa na kazi ya haraka. Safari ya nne tukawa watatu, tukavua samaki wengi, na tukarudi bila maneno.

Nilikwenda kwa fundi karakanani. Sikumkuta na kazi yoyote ya haraka. Alikuwa akipiga randa ubao mmoja taratibu. Akaniambia, "Ndugu yangu, mimi naweza kukaa na tajiri siku nzima bila kuona haya. Lakini siwezi kuketi ndani ya boti ambayo sikuilipia." Nilirudi nikamweleza mfanyabiashara maneno hayo kama yalivyosemwa. Alinyamaza, kisha akauliza, "Ile mashua ya yule mzee bado ipo?" Ilikuwapo. Tangu siku hiyo kanuni yetu ni kwamba mchango unapangwa kwa uwezo wa yule mwenye kidogo, na hakuna ruhusa ya kuongeza. Mwenye nyingi akitaka kutoa, ashike jembe la makaa atuchomee samaki. Hivi leo ndiye mchomaji wetu, na kwa kweli anaunguza.

Nimelisema hili mbele yenu kwa makusudi, wazee wenzangu. Chama chetu hiki kinapopanga sherehe, viwango vya michango hupandishwa na watu wenye nia nzuri kabisa, kisha tunashangaa nusu ya darasa haikuja. Kwa mtazamo wangu wale hawakutusahau. Waliuona mchango.

Neno moja juu ya baruti. Nilipokuwa mwaka wa kwanza chuoni nilirudi likizo nikaenda kuvua na mzee mmoja. Tukasikia mshindo, mashua ikatikisika kama iliyopigwa rungu kutoka chini. Mzee akakunja mshipi wake akasema, "Leo basi." Hakuonyesha hasira, alionyesha uchovu. Baruti inaua mkubwa, mdogo na mayai, inavunja matumbawe ambayo ndiyo nyumba ya changu na chewa, na nyumba hiyo haijengwi tena katika umri wa mtu mmoja. Msako mkubwa wa vyombo vya dola uliokaza miaka ya 2016 hadi 2018 uliupunguza sana uovu huo, na sisi wa mshipi tumesikia ukimya wake. Vijana, mkimjua anayeuza vilipuzi hivyo, semeni.

Usalama nao msiufanyie mzaha. Kila mtoto avae jaketi la kuokolea, awe anajua kuogelea au hajui. Nahodha akisema hatutoki, hatutoki, hata kama mmesafiri kutoka Korogwe. Tasi akipanda msimshike ovyo, miiba yake ina sumu. Ukichomwa, tia mkono katika maji ya moto unayoweza kuyavumilia, maumivu yatapungua. Na bunju, yule anayejivimbisha kama mpira, mrudisheni baharini, msimpe hata paka.

Mwanangu wa kiume, ambaye nyumbani hunijibu kwa neno moja moja, huko majini huzungumza. Sijui kwa nini, labda kwa sababu hatutazamani usoni. Sote wawili tunatazama uzi. Safari iliyopita aliniuliza kama nilipata kuogopa mtihani nilipokuwa hapa shuleni. Tulizungumza mpaka barafu ikayeyuka.

Ndugu Mwenyekiti, naona wapishi wanachungulia. Safari yetu ijayo ni Novemba, kusi ikiwa imekwisha na kaskazi haijakolea, Jumamosi ya maji mafu. Nahodha amekubali kutafuta mashua ya pili, kwa hiyo zipo nafasi sita, na ningependa mbili zichukuliwe na vijana wa kidato cha nne, ambao mchango wao nusu utatosha. Wengine wote ni elfu kumi na nne. Daftari ninalo hapa mfukoni, nitakaa chini ya mwembe baada ya chakula.